Mteja Asiyelipa Naye Ana Haki ya Kukataa

Vyuo vingi vinavyofundisha utayarishaji wa video na vipindi vya redio hufungulia studio zao mashirika yasiyolenga faida. Shirika huleta habari yake, wanafunzi hurekodi na kuhariri, na muhula ukiisha shirika huondoka na filamu fupi ambayo lisingemudu kuigharimia kwingine. Msingi wa wazo hili ni wa zamani. Chuo Kikuu cha Missouri nchini Marekani kilianzisha shule yake ya uandishi wa habari mwaka 1908 pamoja na gazeti lililoandikwa na wanafunzi kwa wasomaji halisi, na tangu 1953 kinaendesha kituo cha televisheni cha KOMU, ambako wanafunzi hufanya kazi bega kwa bega na wanahabari walioajiriwa.

Wanaounga mkono utaratibu huu wana hoja nzito. Katika zoezi la darasani, sauti mbaya humpunguzia mwanafunzi alama chache, kisha jambo likasahaulika. Kwa mteja mambo ni tofauti. Mwanafunzi aliyemhoji mgonjwa aliyepona, akafika kwenye chumba cha uhariri na kukuta friji iliyokuwa ikinguruma nyuma imemeza maneno yote, hana pa kuficha kosa lake, kwa sababu mahojiano yale hayarudiwi kwa uzito uleule. Tangu siku hiyo huvaa vipokea sauti kabla ya kuwasha kamera, wala hahitaji kukumbushwa.

Hata hivyo, naona kasoro moja ambayo watetezi huipita haraka mno. Mteja asiyelipa huona haya kukataa kazi. Hupokea filamu iliyokosewa jina la mfadhili, au yenye dakika tisa badala ya tatu alizoomba, akashukuru kwa moyo mkunjufu, kisha akaiweka kabatini isionekane tena. Mwanafunzi naye huondoka akiamini kwamba amefaulu. Hapo pande zote mbili zimepoteza, na chuo hakina habari, kwa kuwa barua ya shukrani imeshabandikwa ukutani. Ndiyo maana nashikilia kwamba makubaliano ya maandishi, yanayotaja urefu wa filamu, tarehe ya kukabidhi na idadi ya mara ambazo mteja anaweza kudai marekebisho, ni sehemu ya somo lenyewe wala si urasimu.

Wapo pia watayarishaji wa kujitegemea wanaolalamika kwamba vyuo vinawanyang'anya kazi. Malalamiko hayo yana ukweli pale shirika lenye bajeti ya matangazo linapokimbilia studio ya chuo ili kubana matumizi. Kwa shirika ambalo lisingeajiri mtu yeyote, hakuna kazi iliyonyang'anywa. Chuo kinaweza kumaliza ubishi huu kwa kuchagua wateja wake kwa uangalifu.

Linalonisumbua zaidi ni watu wanaorekodiwa. Mashirika haya huhudumia wagonjwa, watoto na waliokimbia makwao, na mtu anayetegemea msaada si rahisi kumkatalia anayemletea kamera kwa jina la shirika linalomsaidia. Ridhaa ya namna hiyo inahitaji mkufunzi aliyepo pale pale, anayeweza kusema kamera izimwe, badala ya fomu iliyosainiwa haraka mlangoni. Kisha muhula huisha, wanafunzi huhitimu, na picha ghafi hubaki kwenye diski ambayo hakuna anayejua ni ya nani: ya chuo, ya shirika au ya mwanafunzi anayetaka kuzionyesha kwa mwajiri wake wa kwanza. Mtu yule akirudi baada ya miaka miwili kuomba sura yake iondolewe, lazima awepo mtu chuoni mwenye jukumu la kumpokea na mamlaka ya kuifuta.