Someni Narnia kabla ya kuikataza

Nimesoma habari kwamba kuna wazazi wanaotaka vitabu vya hadithi zenye wachawi, kama vile vya Narnia, viondolewe mikononi mwa watoto. Mimi hufundisha shule ya Jumapili hapa Nyalenda, Kisumu, na naomba tusome kwanza. Katika kitabu cha Narnia, nchi ya kubuni, alichokitoa mwandishi C.S. Lewis mwaka 1950, kijana Edmund anawasaliti ndugu zake, na mchawi anadai damu yake. Simba Aslan anakubali kufa badala yake. Ananyolewa manyoya ya shingoni, anadhihakiwa, anauawa juu ya Meza ya Jiwe. Alfajiri, wanaomwona akiwa hai tena ni wasichana wawili, Susan na Lucy. Niliposimulia hapo, mtoto mmoja wa gredi ya nne akaruka: “Mwalimu, hao ni kina Maria kaburini!” Sikuwa nimemdokezea lolote. Na Ufunuo 5:5 si humwita Yesu Simba wa kabila la Yuda? Tolkien naye, Mkatoliki aliyeandika The Lord of the Rings, katika hadithi hiyo aliiteketeza pete ya uovu tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Maria. Wazazi wenzangu, kaeni na watoto, muwasomee kwa sauti, kisha muwaulize wamemwona nani.