Vinasaba Kufanana Hakujazi Dema

Juzi kwenye mkutano wa wavuvi huku upande wa Bamburi, Mombasa, afisa mmoja alisimama akasema neno ambalo limenikaa kooni hadi leo. Wazee wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, walikuwa wameomba mwamba mmoja mdogo ufungwe kwa muda, usivuliwe. Yeye akasema hakuna haja. Wataalamu wameshapima vinasaba, samaki aina ya tafi wa hapa na wale wa Tanzania ni wamoja na wanazaana, kwa hivyo wakipungua huku, maji yataleta wengine kutoka kusini. Watu wakatikisa vichwa. Mzee aliyeketi karibu nami akaniinamia, "Mwanangu, kwani hao wa Tanzania hawavuliwi?"

Suali la mzee lilitosha kumjibu. Lakini mimi hasira yangu iko pengine. Elimu ya vinasaba nimeisoma na ninaipenda, na sasa inageuzwa rungu la kuwanyamazisha watu wanaoijua bahari yao, tena kwa kunukuliwa kinyume na inavyosema.

Tuseme vipimo ni sahihi, na tafi wa Bamburi hatofautiani na wa Tanga. Hilo linatuambia kwamba wanazaana. Halituambii ni wangapi wanaovuka, na kosa lote liko hapo. Katika hesabu za urithi, wageni kumi au ishirini tu wanaoingia na kuzaa kila kizazi, kati ya mamilioni, wanatosha kuzifanya jamii mbili zionekane karibu sawa kwenye vipimo vya kawaida. Fikiria Mji wa Kale na Pemba. Kila kizazi waolewe mabibi arusi wachache kutoka ng'ambo, na baada ya miaka mia mbili koo zote zitakuwa zimechanganya damu, kila mtu ana shangazi upande wa pili. Lakini Mji wa Kale wote ukihama leo, mabibi arusi wale wachache hawataijaza mitaa. Undugu ni jambo moja, kuja kujaza pengo ni jingine. Afisa alichukua ushahidi wa undugu akautoa kama ahadi ya samaki.

Basi nani anayejaza pengo? Hapa hatuna haja ya kubahatisha. Huko Kimbe, Papua New Guinea, watafiti waliwadunga samaki majike aina adimu ya bariamu, ambayo hutoka kwa mama ikaingia kwenye mayai na kubaki katika vijiwe vya sikio la mtoto. Halafu wakasubiri, wakaenda kuwakamata watoto waliotua kwenye mwamba. Mmoja wa samaki waliochunguzwa ni wa jamii ya kitatange, ambaye vichanga vyake huelea baharini zaidi ya mwezi mzima kabla ya kutua. Mwezi mzima! Ungedhani vimeshafika nchi nyingine. Matokeo yakachapishwa mwaka 2007: takriban asilimia 60 ya vichanga vilivyotua kwenye mwamba wa kisiwa kile kidogo vilizaliwa hapo hapo. Havikuletwa na maji ya watu.

Mwaka 2012 ukatoka utafiti mwingine, wa visiwa vya Keppel, Australia, na huu ndio ningependa usomwe kwa sauti katika kila diko la wavuvi kuanzia Vanga hadi Kiunga. Safari hii walipima vinasaba vya wazazi na watoto, mmoja mmoja, wakatafuta mtoto huyu ni wa nani. Samaki wenyewe si mapambo ya kutazamwa, ni wa kuliwa: mmoja wa ukoo wa tewa, mwingine wa ukoo wa tembo na janja. Maeneo yaliyofungwa yalikuwa asilimia 28 tu ya miamba, lakini yalizaa karibu nusu ya watoto wote waliotua, ndani ya hifadhi na nje, umbali usiozidi kilomita 30. Kilomita 30 ni kama kutoka Nyali hadi kupita Kikambala. Huo ndio ujirani unaotulisha. Ukifunga mwamba wako, anayenufaika kwanza ni wewe na jirani yako wa diko la pili. Hii ndiyo kazi ya vinasaba ninayoitambua: ile inayomwonyesha mvuvi samaki wake alizaliwa wapi.

Nakubali, mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na hakika unabeba vichanga kutoka Tanga na Pemba. Sitabisha. Lakini mkondo huo huo unavichukua vya kwetu kuvipeleka Kilifi na Malindi, kwa hivyo tukiumaliza mwamba wetu tumemdhulumu na aliye mbele yetu. Na yule wa kusini naye akiambiwa maneno haya haya na afisa wake, asubiri wa kutoka Mtwara?

Wala kuzaana hakuji kwa sababu tu maji yameungana. Silikanti, wale samaki wa kale wa vilindini, wanaonaswa na majarife Tanga, hapo jirani, vinasaba vyao vilichapishwa mwaka 2011: wametengana na wenzao wa Komoro kwa zaidi ya miaka 200,000. Hakuna ukuta kati ya Tanga na Komoro. Ni bahari tupu, na bado hawakuchanganyika.

Na heringi wa Atlantiki ni mfano mkali zaidi. Wako kwa mabilioni, na kwa miaka mingi vipimo viliwaonyesha kama jamii moja isiyo na mipaka. Vipimo vya wakati ule viligusa sehemu chache tu za vinasaba. Viliposomwa vyote, kutoka mwanzo hadi mwisho, ikadhihirika kwamba wanaotaga majira ya kuchipua na wanaotaga majira ya vuli wanatofautiana waziwazi katika sehemu maalumu, zile zinazohusu wakati wa kuzaa, huku sehemu nyingine nyingi zikifanana. Wale wa Baltiki wana hata badiliko katika protini ya jicho linalowasaidia kuona kwenye maji yale yenye mwanga mwekundu. Ukiwamaliza wa Baltiki, huwezi kuchota wengine kutoka bahari kuu ukategemea wataishi vile vile. Wametayarishwa na mahali pao. Sasa niambieni, mtu anayesema tafi wote ni wamoja, alipima sehemu ngapi?

Nenda jioni kwa mama karanga yeyote, yule muuza samaki wa kukaanga, simama karibu na karai. Utaona tafi wadogo, urefu wa kiganja, wamepasuliwa upande, na katika baadhi yao vifuko viwili vya mayai bado vimebana tumboni. Hawa hawakuwahi kutaga. Simlaumu mama karanga, analipa karo kwa samaki hao. Lakini wale wakubwa wamekwenda wapi? Maana samaki mkubwa mmoja si sawa na wadogo wengi wenye uzito sawa naye. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2018 inaonyesha kwamba jike mmoja wa chewa wa Atlantiki (cod) mwenye kilo 30 hutaga mayai mengi kuliko majike 28 wa kilo mbili mbili, ambao kwa jumla ni kilo 56. Na kwa tewa na pono mambo ni mazito zaidi, kwa sababu wengi wao huanza maisha wakiwa majike na baadhi wakageuka madume wakishakua. Toa wakubwa wote, umeondoa madume.

Kisha kuna hasara isiyoonekana kwa macho. Katika ghuba ya Tasman, New Zealand, kuna samaki anayefanana na changu ambaye magamba yake yalihifadhiwa tangu mwaka 1950. Watafiti walipima vinasaba kutoka magamba hayo ya zamani hadi ya karibuni. Mamilioni ya samaki walikuwa bado wanaogelea, lakini utajiri wao wa urithi ulikuwa unapungua kama vile jamii nzima ni samaki wasiozidi mia mbili. Wanaofaulu kuacha kizazi ni wachache mno, na uvuvi ulikuwa unawapunguza hao hao.

Kwa jodari nitakubali, shingo upande. Anahama, anavuka Bahari Hindi, anasimamiwa kama jamii moja na tume yenye makao Shelisheli, na kufunga mwamba wa Bamburi hakumhusu. Basi tusichukue hesabu ya jodari tukaitia kwa tafi.

Na wale wanaosema tutazalisha vifaranga kwenye matangi tuwaachilie baharini, watazame Norwei kwanza, ambako samoni waliotoroka vizimbani wamezaana na wa porini katika mito mingi na kuudhoofisha urithi wa wenyeji.

Wanaotaka ushahidi wa hapa kwetu wana haki ya kuutaka, na hauhitaji meli kubwa. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ipo tangu 1986, na madema mengi utayakuta yametegwa karibu na mpaka wake, kwa sababu wavuvi wanajua kinachotoka humo. KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, iko Mkomani. Kipande cha pezi kidogo kuliko ukucha hakimwui samaki. Vikatwe kwa tafi na tewa wakubwa walio ndani ya hifadhi, na kwa wadogo wanaovuliwa Shanzu, Mtwapa na Kikambala, vitiwe kwenye vichupa vya spiriti, na vijana wa BMU walipwe kuvikusanya. Kisha vipimo viulizwe suali vinaloliweza kweli: mtoto huyu mama yake yuko wapi. Wakati majibu yanasubiriwa, wazee wapewe mwamba wao waufunge.