Mchicha Kunawiri Si Ushahidi

Ukigusa tu habari ya matuta ya mboga yaliyopakana na gereji, vibanda vya mafundi betri na vijiwe vya chuma chakavu hapa Tanga, jibu unalijua kabla hujamaliza sentensi: "Kama udongo una sumu, mbona mchicha umenawiri?" Utalisikia barazani kwenye kahawa, utalisikia soko la Mgandini, na kinachouma zaidi, utalisikia kwa watu waliosomea kilimo. Likishatamkwa, mazungumzo yanafungwa.

Nataka tuyafungue tena. Jibu hilo lina sura ya busara ya mkulima, lakini ni kosa la hesabu, na anayelilipia ni mtoto anayelishwa mchicha huo kila siku.

Hesabu yenyewe si ngumu. Viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya usalama wa chakula, vinaruhusu kadimiamu, metali yenye sumu, isizidi miligramu 0.2 katika kilo moja ya mboga mbichi za majani. Mchicha kwa sehemu kubwa ni maji. Ukiukausha, kilo moja inabaki kama gramu 100. Kwa hiyo 0.2 kwenye jani bichi ni sawa na miligramu 2 kwa kilo ya jani kavu. Sasa, mimea mingi haianzi kuonyesha madhara ya kadimiamu mpaka jani kavu lifike miligramu 5 kwa kilo, na mingine huvumilia hadi kukaribia 30. Hapo kati, kuanzia 2 hadi 5 na kuendelea, jani ni kijani, shina limenyooka, mteja anachagua fungu hilo kwanza kwa sababu ndilo zuri kuliko yote, na halifai kuliwa. Jicho halina namna ya kujua.

Mmea unaweza kuishi hivyo kwa sababu ya jinsi ulivyoumbwa. Mzizi una milango ya kuingizia zinki na chuma, madini ambayo mmea unayahitaji. Kadimiamu inafanana na zinki kiasi kwamba inapita mlango uleule. Ikishaingia, mmea haukai kimya: unatengeneza vijiprotini vifupi vyenye salfa, vinaitwa fitokelatini, vinaikamata kadimiamu na kuifungia kwenye vifuko vya ndani ya seli, mbali na kazi za jani. Hiyo ndiyo afya mnayoiona kwenye tuta. Mmea umejikinga wenyewe. Haukumkinga mlaji, maana sisi tunakula jani pamoja na vifuko vyake, na kadimiamu ikifika kwenye figo za binadamu inachukua miaka 10 hadi 30 kupungua nusu tu. Wajapani wa bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama, waliujua ukweli huu kwa mifupa yao. Maji ya mgodi yalimwagilia majaruba, mpunga ukavunwa na kuliwa miaka na miaka, na ugonjwa waliouita itai-itai, yaani "inauma, inauma", ulitambuliwa rasmi na serikali yao mwaka 1968.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba yako madini ambayo kanuni ya "mbona umenawiri" inayafaa. Zinki, shaba na nikeli humwumiza mmea kabla hazijamfikia mlaji. Ukiona majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani, na ukiung'oa mche mizizi ni mifupi, minene, ya kahawia, hayo yanaweza kuwa madhara ya madini hayo. Zinki ikifika miligramu 400 kwa kilo ya jani kavu, mmea unateseka sana. Lakini gramu 200 za jani hilo bichi zina kama miligramu 8 za zinki, kiasi ambacho mtu mzima anakihitaji kwa siku. Hapo mmea ni mlinzi wa kweli. Kosa ni kuchukua tabia ya zinki na kuivika kadimiamu.

Risasi, ile metali ya kwenye betri za gari, nayo ina njia yake. Haipandi kirahisi, nyingi hunasa kwenye mizizi. Kwa hiyo wengine husema risasi haina shida kwa mboga za majani. Inayo, kwa sababu inafika jikoni kama vumbi. Chukua udongo wenye risasi miligramu 400 kwa kilo, hali isiyo ya ajabu panapovunjwa betri za gari. Gramu moja tu ya udongo huo, chini ya robo ya kijiko cha chai, ikibaki kwenye kilo ya mchicha, umeshaweka miligramu 0.4. Kiwango cha Codex kwa mboga za majani ni 0.3. Na sisi mchicha tunaung'oa na mizizi yake, tunaufunga fungu mizizi imeshika matope, tunaunyunyizia maji ya ndoo moja asubuhi hadi jioni. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Tena risasi haiozi. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, lakini iliyodondoka kando ya barabara miaka ile bado iko kwenye sentimita chache za juu za udongo, palepale jembe linapopita.

Kwa hiyo kata, using'oe. Acha shina la kama sentimita 5. Tandaza makuti yaliyokatwakatwa au nyasi kavu juu ya tuta ili maji ya keni yasirushe udongo kwenye majani. Mabaki ya mkonge yanafaa pia, ila yaoze kwanza, maana mabichi yana tindikali. Nyumbani osha kwa maji mara tatu, kila mara maji mapya, jani kwa jani. Hilo linapunguza risasi sana. Kadimiamu halipunguzi hata kidogo, kwa sababu iko ndani ya jani.

Kwa kadimiamu unahangaika na udongo, na hapa kuna jambo la pwani yetu ambalo halisemwi vya kutosha: chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na kloridi iliyo kwenye chumvi hiyo inashikana na kadimiamu na kuifanya isafiri kirahisi hadi kwenye mzizi. Udongo uleule, kadimiamu ileile, ukibadilisha maji baridi ukaweka ya chumvi, jani linaweza kubeba zaidi. Mwenye kisima cha chumvi jirani na gereji ana matatizo mawili yanayosaidiana.

Tindikali ni ya pili. Udongo wenye pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali inazidi) ya 5.5 unaiachia kadimiamu. Ukiupandisha hadi 6.5 au 7 unaishika. Chokaa tunayo, mawe yake yako Amboni na Kiomoni. Tumia ile ya kilimo, ya mawe yaliyosagwa: kwa udongo wa kichanga, kilo 1 hadi 2 kwa tuta la mita za mraba 10, ichanganye hadi kina cha sentimita 15 au 20, umwagilie, usubiri wiki kadhaa ndipo upande. Ile ya kupaka ukuta ina nguvu zaidi, punguza robo, na usiimwage juu ya miche. Lakini pima pH kwanza. Sehemu nyingi za huku zimekaa juu ya mawe ya matumbawe na pH yake imeshapita 7.5, hapo chokaa haiongezi kitu, na unaweza kuukosesha mmea zinki, na mmea wenye njaa ya zinki unafungua milango yake zaidi. Na kama tatizo ni aseniki, sumu nyingine ya udongoni, chokaa inaweza kulizidisha.

Mboji iliyoiva, ndoo mbili au tatu kwa tuta hilohilo, inasaidia kushika kadimiamu na risasi. Nasema mboji. Ule udongo mweusi wa jalalani unaouzwa kwa kiroba si mboji. Umeoza pamoja na betri za tochi, rangi na vipande vya simu. Acheni kuuweka kwenye mboga, tafadhali.

Wanaoshauri kupanda alizeti ili "inyonye sumu" hawasemi inachukua misimu mingapi, wala mabua yake yatupwe wapi.

Sisemi kila tuta la mjini lina sumu, na sisemi watu waache mboga. Mchicha ni damu ya familia nyingi na ni kipato cha akina mama wengi. Kiwanja kikiwa na shaka, badilisha unachopanda: mahindi, matango, maboga, kunde za kuvuna punje. Madini huishia zaidi kwenye mizizi na majani kuliko kwenye punje na matunda. Majani ya kunde na ya maboga usichume hapo. Ukitaka mchicha lazima, inua tuta la sentimita 30 kwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi, chini tandika viroba.

Na pima. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 ukitembea kwa zigizagi, kina cha sentimita 0 hadi 20, kwa mwiko wa plastiki au chuma kisichoshika kutu. Jembe lililopakwa zinki litakudanganya. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo, anika kivulini, andika tarehe na mahali. Sehemu ya karibu na uzio wa gereji iwe na mfuko wake, usiichanganye na ya upande wa pili. TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo, iko hapo Muheza, waulize wanapima nini kwa sasa. Kwa metali zenyewe, Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara. Omba pH, kadimiamu, risasi na zinki. Peleka na fungu la mchicha wa tuta hilohilo, na majibu yakitoka uliza kabla ya kitu kingine chochote: hii namba ni ya jani bichi au jani kavu?