Umri wa Rivolva ya Magnum Umo Mkononi mwa Anayejaza Risasi

Swali la iwapo rivolva ya magnum, yaani bastola ya silinda inayozunguka itumiayo risasi zenye nguvu kubwa, inaweza kudumu miaka mingi ikitumia risasi zilizojazwa kwa mkono, yaani zile ambazo mtu mwenyewe hutia baruti na kichwa kwenye ganda, hujibiwa kwa jazba na pande mbili. Wapo wanaosema kwamba chuma ni chuma, na kwamba silaha iliyotengenezwa vizuri itarithiwa na wajukuu hata ikifyatuliwa kila wikendi. Wapo pia wanaoshikilia kwamba risasi isiyotoka kiwandani ndiyo kaburi la silaha yoyote. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma hapa Nakuru, na kazi yangu ya kila siku ni kutazama jinsi chuma kinavyochoka. Naamini pande zote mbili zimekosea. Kinachoamua umri wa rivolva ni presha, moto na haraka ya mpigaji, na mtu anayejaza risasi zake mwenyewe ana uwezo wa kuvipunguza vyote vitatu kuliko anayenunua boksi dukani.

Niseme mapema kwamba sizungumzii jambo la kufanyia nyumbani Kenya. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye bastola awe na cheti kinachotaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi anachoruhusiwa kuwa nacho, na kutengeneza risasi bila idhini ni kosa. Nimelazimika kulifikiria suala hili kwa kina kwa sababu ya binamu yangu, mtoto wa shangazi, anayeishi Texas, ambako kujaza risasi nyumbani ni halali na ni kawaida kama kurekebisha gari lako mwenyewe. Alinunua Smith & Wesson Model 19, rivolva ya .357 Magnum, iliyokwisha kutumika, akanitumia picha za kila pembe yake, akitaka kujua kama fundi wa vyuma angeiona bado ina maisha.

Risasi ya .357 Magnum ilitoka mwaka 1935. Ilizaliwa kutokana na .38 Special kwa kurefusha ganda kwa takriban milimita 3, ili isije ikaingia katika bastola dhaifu zilizotengenezwa kwa risasi ile ya zamani. Tofauti ya urefu ni ndogo, lakini tofauti ya nguvu ni kubwa mno: kiwango cha juu kinachokubaliwa Marekani kwa .38 Special ya kawaida ni pauni 17,000 kwa kila inchi mraba, ilhali cha .357 Magnum ni 35,000. Rivolva ya kwanza ya risasi hii ilijengwa juu ya fremu kubwa na nzito. Mwaka 1955, kwa kuhimizwa na Bill Jordan, aliyekuwa afisa wa ulinzi wa mipaka, kampuni ya Smith & Wesson iliingiza nguvu ileile katika fremu ya wastani inayobebeka kiunoni kutwa nzima, na hiyo ndiyo Model 19. Desturi ya wakati ule ilikuwa kufanyia mazoezi kwa .38 na kubeba magnum kwa ajili ya kazi, na kwa desturi hiyo silaha ile ilitosha kabisa.

Desturi ilipobadilika, chuma kikasema. Polisi wa Marekani walianza kufanya mazoezi kwa risasi zilezile za kazini, na nyingi kati ya hizo zilikuwa na kichwa chepesi cha greni 125, yaani gramu 8 hivi, kilichosukumwa kwa baruti nyingi. Ili silinda ipate nafasi ya kukaa katika fremu ile ndogo, sehemu ya chini ya mdomo wa nyuma wa mtutu ilikuwa imesawazishwa kidogo, na hapo ukuta wake ni mwembamba kuliko kwingine kote. Nyufa zilianza hapohapo, kwenye upande bapa wa chini. Jibu la kampuni lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa fremu mpya iliyo kubwa kidogo, ya Model 586 na 686, ambayo mdomo wa mtutu wake ni mnene pande zote.

Mtu yeyote aliyewahi kufungua injini ya dizeli iliyofanya kazi kwa moto kupita kiasi ataelewa kilichotokea pale. Vali ya ekzosi haiharibiwi na kusuguana peke yake. Huliwa na gesi ya moto inayopita kwa kasi kwenye ukingo mwembamba, hadi uso wake unapoanza kutoa mistari midogo ambayo siku moja hugeuka kuwa ufa. Mdomo wa nyuma wa mtutu wa rivolva unaishi maisha yaleyale. Kichwa chepesi ni kifupi, hivyo hutoka katika silinda mapema na kuacha gesi na chembe za baruti zinazoendelea kuungua zikipiga ukingo ule kwa nguvu. Kichwa kizito cha greni 158, kama gramu 10, kinachosukumwa kwa kiasi cha wastani, huutesa ukingo huo kwa kiwango kidogo zaidi. Ndiyo maana nasema mjazaji ana faida: yeye ndiye anayechagua uzito, aina ya baruti na kiasi chake, wala halazimiki kumeza kile ambacho kiwanda kimeamua kukiuza kama risasi kali.

Watu wengi huogopa alama nyingine ambayo kwa maoni yangu haistahili hofu hiyo. Juu ya nafasi iliyo kati ya silinda na mtutu, daraja la juu la fremu huchorwa mfereji mwembamba na gesi inayotoroka. Unatisha kuutazama, lakini kwa kawaida hufika kina fulani kisha ukawa kama umesimama.

Kinachostahili kuangaliwa ni mlegeo wa silinda, na hapo ndipo nilipomwelekeza binamu yangu kwa makini. Silaha ikishahakikishwa kuwa tupu, matundu yote yakiwa yamekaguliwa kwa macho na kwa kidole, nyundo ikiwa chini, silinda isukumwe nyuma kabisa, na nafasi kati yake na mtutu ipimwe kwa fila, vile vibanzi vya chuma ambavyo mafundi wa magari hutumia kurekebishia tapeti. Kisha isukumwe mbele na ipimwe tena. Nafasi ya kawaida ni kati ya milimita 0.10 na 0.20, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mwendo wa silinda wa mbele na nyuma. Mwendo huo ukiwa mkubwa, kila mlio huifanya silinda igonge fremu, na kugonga huko huongeza mwendo uleule, kwa hiyo uchakavu hujilisha wenyewe. Ukigunduliwa mapema, fundi wa silaha huuondoa kwa kuweka washa nyembamba, na ni kazi ndogo. Ukiachwa, utasumbua hadi meno ya kuzungushia silinda na kile kipini kinachoifunga mahali pake, na tundu litaacha kulingana sawasawa na mtutu. Dalili ya hatua hiyo ni vipande vya risasi vinavyoruka pembeni na kumpiga aliyesimama karibu.

Haraka nayo huua. Mpigaji anayevuta triga kwa kasi kubwa huifanya silinda isimame kwa kishindo, na vijishimo vyake vya kufungia hupondeka ukingoni. Baruti haihusiki hapo hata kidogo, na hakuna risasi laini itakayoisaidia silaha inayoendeshwa hivyo.

Walioonyesha wazi zaidi mipaka ya chuma ni wapiga shabaha za chuma za umbo la wanyama, mchezo ulioshika kasi Marekani katika miaka ya 1970 na 1980. Kondoo wa chuma huwekwa umbali wa mita 200, na ili aanguke walihitaji nguvu kamili ya .44 Magnum, mlio baada ya mlio, kwa risasi walizojaza wenyewe hadi ukingo wa kinachoruhusiwa. Model 29, rivolva ya .44 Magnum ya Smith & Wesson, haikuwa imebuniwa kwa maisha hayo. Silinda zilianza kujifungua kwa kishindo cha mlio, na kampuni ikalazimika kuimarisha vijishimo na vifungio vyake kufikia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980. Kampuni ya Ruger, iliyotoa rivolva ya Redhawk mwaka 1979, ilichagua njia ya kuweka chuma kingi tangu mwanzo. Kwa anayetaka kupiga risasi za nguvu kamili kila mara, ushauri wangu ni anunue uzito huo, maana hakuna ustadi wa kujaza unaoweza kunenepesha ukuta mwembamba.

Kuna hatari moja ambayo haihusiani na uchakavu, nami naiona kubwa kuliko zote. Baruti iwakayo kwa kasi hujaza sehemu ndogo tu ya ganda refu la magnum, kwa hiyo kipimo kinaweza kumiminwa mara mbili na ganda lisifurike. Risasi moja ya namna hiyo inaweza kuipasua silinda iliyokuwa imebaki na miaka 40 ya kazi. Mjazaji anayechungulia kila ganda kwa taa kabla ya kuweka kichwa ameilinda silaha yake, na vidole vyake, kuliko mafuta yoyote. Vilevile siwaamini wanaodai kusoma presha kwa kutazama jinsi fataki, yaani kile kiwashio kidogo kilicho kwenye kitako cha ganda, ilivyopondeka ikawa bapa; mara nyingi fataki haisemi kitu hadi kiwango kimeshapitwa. Makampuni ya baruti hupima presha kwa mitambo na kuchapisha viwango katika vitabu vyao. Ganda likianza kung'ang'ania ndani ya silinda, zoezi lisimamishwe siku hiyohiyo.

Katika picha za binamu yangu, ukingo wa mdomo wa mtutu ulikuwa na mistari ya moto pande zote, lakini upande bapa wa chini haukuwa na ufa. Nilimwambia aitumie Model 19 ile kwa maganda ya magnum yaliyojazwa nguvu ya .38, ambayo hayaachi pete ya masizi ndani ya silinda kama yanavyofanya maganda mafupi, na avitumie vichwa vizito vya madini ya risasi vilivyomiminwa kwenye kalibu. Utengenezaji wake ulisitishwa mwaka 1999 kabla ya kurudishwa baadaye, na mitutu ya zile za zamani ni adimu, kwa hiyo ufa mmoja tu utamfanya aiweke kando. Kwa nguvu kamili, atafute 686.