Kukaa ukumbi mmoja si kujifunza pamoja
Eti wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia wakichanganywa kwenye mhadhara mmoja, kazi ya timu wameshaijua? Hapo sikubaliani na mwandishi wa makala inayodai hivyo. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2010 kwamba wajifunze kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Kutazama slaidi zilezile hakumo. Mimi ni muuguzi, nasimamia wanafunzi wodini. Wapeleke kwa mgonjwa wa figo uwaone: wa famasia anagundua dozi ya gentamisini (antibiotiki inayoweza kuumiza figo) ni kubwa, anamnong'oneza mwenzake, kumwambia daktari mtarajiwa hathubutu. Chati ya mkojo, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, anayo wa uuguzi, na hakuna anayemuuliza (wala yeye hasemi). Halafu mtihani kila mtu na wake. Kuna chuo kinachowapa alama moja kama timu?