Maili 10 za Sultani

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa jiografia aliweka rula juu ya ramani ya ukutani kuanzia Vanga, akatuonyesha jinsi mpaka wa Kenya na Tanzania unavyonyooka kutoka pwani, ukapinda kuuzunguka Mlima Kilimanjaro, kisha ukanyooka tena mpaka Ziwa Viktoria. Akatuambia kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake, Kaiser (mfalme mkuu) Wilhelm wa Ujerumani, mlima huo kwa siku yake ya kuzaliwa. Darasa zima tuliamini, na hata leo nawasikia watu wazima wenye elimu yao wakiisimulia. Naomba tuiache hadithi hii. Mpaka huo ulikubaliwa kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 1886, wakati ambapo Wilhelm wa Pili hakuwa Kaiser. Babu yake ndiye aliyekuwa akitawala, na mjukuu hakukalia kiti hicho hadi Juni 1888.

Kona ile ina sababu zake. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alipata mkataba wa ardhi Taveta. Mwaka uliofuata Lloyd Mathews, aliyeongoza jeshi la Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja (Zanzibar), aliwafanya wamangi, yaani machifu, wa Uchagani wapandishe bendera ya Sultani, na muda mfupi baadaye Karl Jühlke, wakala wa kampuni ya Kijerumani, akapata mkataba wake kwa Mangi Rindi wa Moshi. Kwa hiyo London na Berlin zilipogawana, mstari ulianzia mdomo wa Mto Umba, ukaenda Ziwa Jipe, ukapita katikati ya Taveta na Uchagani, ukaufuata mguu wa kaskazini wa mlima, ndipo ukanyooka hadi ziwani. Mombasa ikabaki upande wa Waingereza. Kila mmoja aliondoka na mahali alipokuwa na karatasi yake, na madai ya Sultani yakawekwa kando.

Hapo ndipo penye jambo ambalo hadithi ya zawadi hulifunika. Kabla ya makubaliano hayo, tume ya watu watatu, Kitchener wa Uingereza, Schmidt wa Ujerumani na Patrimonio wa Ufaransa, ilipita pwani kupima utawala wa Sultani unafika wapi. Barghash, mwenye mali, hakuwa na mjumbe mwenye kura. Nao walichokitafuta kilikuwa bendera, askari na watoza ushuru, mambo ambayo mtu anaweza kuyahesabu akisimama forodhani. Utawala wa Unguja haukuwa shamba la kupimwa kwa kamba. Ulifuata njia za misafara hadi Tabora na Ujiji, ukategemea mikopo, undugu na heshima ya watemi, mahali pengine ukiwa na nguvu na pengine ukiwa jina tu. Wajumbe walipohitilafiana, kilichoandikwa ni kile tu ambacho wote watatu walikikubali. Sultani akaachiwa visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini, yaani kama kilomita 18 na nusu, kutoka Mto Miningani kusini hadi Kipini, katika pwani ya Kenya ya leo.

Kaskazini ya Kipini mambo yalikuwa magumu zaidi. Miji ya Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu kila mmoja ulipewa eneo la maili 10 kuuzunguka, na Warsheikh maili 5: visiwa vya dola ya Unguja katikati ya nchi kavu. Baina yake palikuwa na Witu, nchi ndogo ya Sultani mwingine, Ahmed Simba, iliyokuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani tangu 1885, na ambayo ilitambuliwa kuwa na pwani yake kutoka Kipini hadi mwisho wa ghuba ya Manda. Mtu wa Lamu aliyepanda mashua asubuhi kwenda kupalilia shamba lake bara alitoka katika milki ya Unguja akashuka katika himaya ya Wajerumani, na jioni akarudi, jembe begani, kwenye bendera ile nyekundu. Hali hiyo ilidumu hadi 1890, Wajerumani walipoiacha Witu.

Ukanda wenyewe ulikatwa vipande. Kusini, kampuni ya Kijerumani ilipoanza kutawala pwani mwaka 1888, watu waliinuka chini ya Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri wa Saadani, na mwaka 1890 Ujerumani ikaununua ukanda huo kwa maki milioni 4. Bandari za Benadir, yaani Barawa, Marka, Mogadishu na Warsheikh, zilikodishwa kwa Waitalia, kisha zikauzwa mwaka 1905. Kipande cha Waingereza tu ndicho kilichobaki mali ya Sultani, kikikodishwa kuanzia 1895. Kenya ilipofanywa koloni mwaka 1920, pwani ikabaki himaya, yaani nchi ya ulinzi tu, mwenyewe akiwa Sultani, na bendera yake ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, hadi 1963.

Tarehe 8 Oktoba mwaka huo Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walikubaliana kwamba ukanda huo uingie Kenya. Kenya iliahidi uhuru wa ibada, mahakama za kadhi, na kuheshimiwa kwa hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Ahadi hiyo ya tatu ndiyo inayonisumbua. Hati nyingi zilitokana na sheria ya 1908 ya kusajili ardhi ya ukanda huo, ambayo iliwapendelea wenye maandishi na kuwaacha nje Wamijikenda wengi, waliojua mipaka yao kwa minazi, miembe na makaburi ya wazee. Leo mwanakijiji wa Kilifi au Kwale anaitwa skwota, yaani mkaaji asiye na hati, kwenye shamba ambalo babu yake alizaliwa, akifika mahakamani anaonyeshwa hati, na mtoto wake anarudi shuleni kufundishwa kwamba mipaka yetu ilitokana na zawadi ya bibi kwa mjukuu.