Mpime Mtoto Kwanza, Tiketi Baadaye

Tangu Universal wafungue Epic Universe, bustani kubwa ya michezo na mitambo ya kupanda, kule Orlando, Florida, tarehe 22 Mei 2025, kila likizo ya shule ikikaribia magrupu yetu ya WhatsApp ya huku Marekani hujaa swali lile lile: jamani, tukate tiketi za siku ngapi? Mimi huuliza kwanza: mdogo wenu ana kimo gani? Wengine hudhani nakwepa. Sikwepi. Kimo cha yule mdogo ndicho kitakachoamua siku yenu itakwendaje, kuliko pesa mliyonayo na kuliko saa mtakayofika.

Bustani ya wahusika wa katuni humvuta mtoto kwa mapenzi. Wa miaka minne amekwisha kumjua Mario, anamjua Yoshi, joka Toothless analala nalo kitandani. Akiambiwa tunakwenda kwao, kwake huo ni mwaliko. Halafu anafika mlangoni pa mtambo wa kupanda anakuta kijiti cha kupimia urefu, na kijiti hakijui mapenzi. Sisi wakubwa tunaona ni jambo dogo, "utapanda mwakani." Kwa mtoto mwakani ni mbali mno.

Kwa hiyo shika namba tatu: inchi 34, 40 na 48, yaani kama sentimita 86, 102 na 122. Mwenye 34 anaruhusiwa Yoshi's Adventure, safari ya polepole ya kutafuta mayai ambayo hata bibi ataifurahia. Inchi 40 ndiyo inayofungua milango mingi: Mario Kart, vigari vya mgodini vya sokwe Donkey Kong, Hiccup's Wing Gliders kule kwa majoka, Curse of the Werewolf, na ile ya Harry Potter ndani ya Wizara ya Uchawi. Inchi 48 ni ya mitambo mikali: Stardust Racers, Monsters Unchained na Dragon Racer's Rally. Mpime mtoto nyumbani, visigino ukutani, kitabu kimelala kichwani, halafu mwambie ukweli kabla hamjawasha gari. Sisi tunaokaa jimbo jirani la Georgia tuna saa nyingi barabarani, na hizo zinatosha kumzoesha habari.

Niliwahi kumtazama kijana mmoja mdogo pale kwa Donkey Kong, fulana yake nyekundu ina yule sokwe kifuani. Alisimama chini ya kijiti akavuta shingo mpaka mishipa ikatokeza. Mhudumu akapitisha kiganja juu ya nywele zake, polepole, akarudia mara ya pili kwa huruma kabisa. Alipungukiwa vidole viwili. Mtoto hakulia. Aligeuka akamtazama baba yake, kwa sababu baba ndiye aliyemwahidi. Hapo ndipo nilipoamua kwamba ushauri wangu wote kuhusu mahali hapa utaanzia kwenye tepe ya fundi cherehani.

Na tafadhali, msiwawekee watoto karatasi kwenye viatu ili wapite. Nimesikia watu wakishauriana hivyo. Mikanda na vyuma vya kumshikilia abiria vimetengenezwa kwa mwili wa kimo fulani. Mfupi kuliko hapo anaweza kuchomoka. Hata wakubwa wasome bango la tahadhari lililo mlangoni, hasa mwenye matatizo ya mgongo au moyo, na mjamzito. Septemba 2025 mgeni mmoja, mtu mzima, alifariki baada ya kupanda Stardust Racers. Mtambo ulifungwa, na uliporejea mwezi uliofuata watu walijipanga tena. Kubaki chini ukashika mabegi si aibu.

Tena kubaki chini kuna utaratibu wake ambao wengi wetu hatuutumii. Unaitwa Child Switch na haulipiwi. Familia yote inapanga foleni pamoja, mzazi mmoja anapanda huku mwingine akingoja na mdogo kwenye chumba maalumu, kisha wanabadilishana bila kuanza foleni upya. Mwambie mhudumu pale pale mwanzoni mwa foleni. Nimeona akina mama wamekaa juani na gari la mtoto muda mrefu ajabu kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Sasa, pa kuanzia. Bustani hii imegawanyika sehemu tano: Celestial Park katikati, na kuizunguka kuna Super Nintendo World (kwa Mario), Wizara ya Uchawi (kwa Harry Potter), Isle of Berk (kwa majoka) na Dark Universe. Kila sehemu ya pembeni ina lango lake kubwa la kutokea katikati, kwa hiyo kutoka moja kwenda nyingine ni lazima urudi Celestial Park. Ni mwendo, na miguu midogo huchoka. Asubuhi umati hukimbilia kwa Mario na kwa Harry Potter, ambako foleni huwa ndefu. Mwenye watoto wadogo nenda Isle of Berk. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo palipojengwa kwa kumfikiria mtoto: kuna uwanja wa kukwea na kuteleza, kuna mashua za Fyre Drill ambamo watu wanarushiana maji, kuna onyesho la jukwaani lenye joka linaloruka, na kuna nafasi ya kusimama uso kwa uso na Toothless mwenyewe, anayepepesa macho na kugeuza kichwa. Hilo halidai inchi. Dark Universe waachieni vijana. Ni ya viumbe wa kutisha kama Frankenstein na mtu anayegeuka mbwamwitu, na wadogo wataota vibaya.

Msijaribu kuzimaliza zote tano kwa siku moja mkiwa na mtoto chini ya miaka sita. Najua tiketi ni ghali, bei inapanda na kushuka kulingana na tarehe, na mtu anataka kuona hela yake imefanya kazi. Lakini mtoto aliyeburutwa sehemu tano hukumbuka kuburutwa. Sehemu mbili, kwa utulivu, na jioni jua likipungua muingie kwa Mario, ambako taa na rangi hupendeza zaidi. Walio chini ya miaka mitatu hawalipi kiingilio.

Kwa Mario mtauziwa mkanda wa mkononi uitwao Power-Up Band, zaidi ya dola 40 kila mmoja. Unapiga matofali, unakusanya sarafu na funguo, alama zinaingia kwenye simu. Mtoto wa miaka minane mwenye kuujua mchezo, mnunulie, atazunguka nao bila kuchoka. Wa miaka mitatu hana haja nao, na hakuna anayehitaji mkanda ili kupanda Mario Kart. Ndugu wawili wanaoelewana wanaweza kupokezana mmoja, ingawa wewe ndiye unayewajua wanao.

Chakula nacho. Wanaruhusu vitafunio vidogo visivyohitaji kupashwa moto na maji ya chupa yasiyozidi lita mbili, hivyo mandazi na karanga zinaingia bila tatizo. Acheni nyumbani vyombo vya kioo na maboksi magumu ya kutunza baridi. Ile bia ya siagi ya kwa Harry Potter, wanaoulizia, haina kileo. Ni kinywaji kitamu, kitamu mno kwa kweli, kikombe kimoja kinatosha watoto wawili.

Hali ya hewa ya Florida msiichukulie kirahisi kwa kuwa tumezoea joto la Dar au Mombasa. Kivuli ni haba hapo katikati. Na kuanzia Juni hadi Septemba karibu kila alasiri radi hupiga. Radi ikikaribia, mitambo yote ya nje husimamishwa mpaka itulie. Yale ya nje yafanyeni asubuhi. Mchana wa radi ni wakati wa Le Cirque Arcanus, onyesho la sarakasi na viumbe wa kichawi lililo ndani ya jengo, au wa kula mkiwa mmekaa.

Kama mdogo wenu hajafika hata inchi 34 na hamna mtoto mkubwa anayekuja naye, ningewashauri msiende Epic mwaka huu. Winter Haven, kama saa moja kwa gari kutoka Orlando, kuna bustani ya Peppa Pig, yule nguruwe wa katuni, iliyofunguliwa Februari 2022. Ni ndogo, unaizunguka yote kabla ya saa ya kulala mchana, na karibu kila kitu pale mtoto wa miaka miwili anapanda. Mtambo wenye kasi ni mmoja tu, na wenyewe unadai inchi 36.